Aliyeshika Mpini wa Kwanza

Jumatano, 12 Machi 2025

Dizeli ilimwagika jana magharibi kule bohari, Changamwe. Lori la jukwaa la pili la kupakilia lilijaa, likafurika, likaendelea kufurika. Mashine inayohesabu lita ilitakiwa ifunge vali yenyewe. Haikufunga. Na mashine ni yetu – imetoka karakana ya Mjomba Jamaludin, na programu iliyo ndani yake ninaitunza mimi.

Mussab alirudi ananuka dizeli mpaka kwenye nywele. Hakula daku. Mdogo wangu huyu ni mpakiaji wa jukwaa la kwanza. Kwake hakikumwagika kitu, alhamdulillahi. La pili ni la Musyoka, rafiki yake, yule Mkamba wa Bofu anayevuka naye feri kila siku. Musyoka amesimamishwa kazi. Yasemwa alilala, au aliuacha mpini wake wa kufungia vali akaenda zake.

Moto haukuwaka. Hakuna aliyeumia. Nilitaka kuandika mengi lakini macho hayataki. Joto, funga, halafu foleni ya feri. Nalala.

Alhamisi, 13 Machi

Mjomba ameniita kabla sijaweka mkoba chini. "Fairuz." "Abee, mjomba." Anataka niipime mashine halafu niandike kwamba ni nzima. Hakusema niipime nione. Niipime, niandike. Ijumaa ya wiki ijayo Musyoka ana kikao mbele ya Bwana Nguma, mkuu wa usalama wa bohari, na Nguma anataka karatasi yetu iwe mezani.

Mjomba Jamaludin ni binamu wa mama. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kwake sauti haipandi. Nimejibu inshallah, neno ambalo mwezi huu limechoka kuliko mimi.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, halina kile kihisi cha juu ya tangi kinachopiga kelele likikaribia kujaa. Basi ulinzi ulikuwa wa namna mbili tu. Mashine, ambayo hufunga vali lita zikitimia. Na mkono, maana mpakiaji husimama ameshika mpini na anaweza kufunga mwenyewe. Ukweli ni kwamba wapakiaji hawaiamini mashine hata chembe. Wanafunga wenyewe kabla yake. Mussab husema mashine iliwekwa ili Nguma apate usingizi.

Sasa siku moja mkono haukuwapo, na mashine nayo haikuwapo. Hapo ndipo pa kuuliza. Lakini leo sina nguvu ya kuuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepima. Inafunga. Nimepima tena. Inafunga.

Kichwa chauma. Malori yamejipanga barabarani toka asubuhi, honi moja kwa moja, na feni ya karakana imekufa. Mjomba akapita akauliza, haya? Nikamwambia inafunga. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa ameshajua.

Jumamosi, 15 Machi

Bado inafunga. Nimejaribu jukwaa moja, nimejaribu yote mawili pamoja. Vali zangu ni taa mbili za mezani, na zote zinazimika vizuri lita zikifika sifuri. Ningeandika ile karatasi leo nikaenda nyumbani. Sikuandika. Sijui kwa nini. Pengine ni ukaidi tu, na njaa huongeza ukaidi.

Badala yake nikafungua programu mahali pa kuhesabu lita. Sehemu hii hatuiingii. Programu yote imeandikwa kwa C, ila hapa Mjomba amechomeka asembli – amri za prosesa zenyewe, moja moja, kama alivyoziandika enzi za chip nzito. Juu yake ameweka neno moja na herufi moja. Usiguse. J. Na miaka yote hii sijagusa. Pale kwetu kitu cha Mjomba hakiguswi, ni kama kiti chake.

Najiandikia hapa nielewe, maana leo nasoma mstari mmoja mara tatu. Vipande ni viwili. Cha kwanza kinatoa: lita zilizobaki, toa lita iliyopita sasa hivi. Prosesa ikishatoa huacha bendera, alama ndogo ndani yake inayosema kama ililazimika kukopa au la. Ikikopa, maana yake lita zimekwisha. Kipande cha pili kinaitazama bendera hiyo, na kama ilikopa kinafunga vali. Basi. Ni kazi safi, ya mtu mwenye mkono mzuri.

Lakini bendera haimsubiri mtu. Hesabu yoyote inayofuata inaiondoa na kuweka yake. Na kati ya kipande cha kwanza na cha pili Mjomba ameacha mstari mtupu.

Nikautazama ule mstari mtupu muda mrefu. Hamna kitu pale, nikajiambia. Nikachukua mkoba.

Jumapili, 16 Machi

Janice amekuja, mke wa Musyoka. Mama akamkaribisha, akamwekea kiti barazani, akamuomba radhi kwamba ni mchana wa Ramadhani na hana cha kumpa. Janice akasema hakuja kula, mama. Amekuja kwa sababu nyumbani hakukaliki.

Anasema mumewe hazungumzi. Anaulizwa na wakubwa alikuwa wapi, anajibu nilikuwa mbali kidogo. Anaulizwa na mkewe, jibu ni hilo hilo. "Mbali wapi, dada Fairuz? Lile jukwaa lina umbali gani mtu awe mbali?" Akifukuzwa kwa uzembe hakuna bohari itakayompokea tena, si Changamwe, si popote. Wakuu wa usalama wanajuana wote. Na kupakia ndiyo kazi yake toka ujana.

Akaniuliza kama mashine ni nzima. Nikamwambia naipima. Akanishukuru. Nimeona haya.

Mussab alikuwa ndani Janice alipobisha. Sikumwona akitoka kumsalimia. Mama anasema ametoka kwa mlango wa uani.

Jumatatu, 17 Machi

Jinga mimi. Jinga kabisa.

Siku zote hizi nimekuwa nikipima toleo la majaribio. Kwetu ndiyo desturi: mezani tunaweka toleo ambalo kompaila, ile programu inayoigeuza C kuwa amri za prosesa, haikulibana, kwa sababu ni rahisi kulifuata mstari kwa mstari. Kule bohari tunapeleka lililobanwa, dogo na jepesi. Leo nikaweka lile lililobanwa.

Jukwaa moja – taa inazimika. Majukwaa mawili pamoja – hazizimiki. Si ya kwanza, si ya pili. Lita zinafika sifuri, zinapita, na taa zinawaka tu. Nilikaa nazitazama. Nilitaka maji kuliko wakati wowote mwezi huu.

Nikazitoa amri zilizozalishwa na kompaila nikazisoma. Iko pale pale, penye mstari mtupu. Kompaila mpya tuliyoiweka Januari imechomeka hesabu yake katikati. Majukwaa yakiwa mawili inayazungukia moja baada ya jingine, na inatoa moja kujua yamebaki mangapi. Kutoa kudogo, kusikokopa. Kwa hiyo kipande cha pili kikija kutazama bendera, kinakuta bendera ya hesabu hiyo, siyo ya lita. Bendera inasema hatukukopa. Itasema hivyo mpaka kiama. Jukwaa likiwa moja lina njia yake, hakuna cha kuzungukia, ndiyo maana linafunga.

Siwezi hata kuilaumu kompaila. Hakuna aliyeiambia kwamba kuna mtu anaisubiri ile bendera. Kwa macho yake vile ni vipande viwili visivyojuana.

Na toka Januari majukwaa mawili yamefunguliwa pamoja mara ngapi? Kila siku. Hakuna aliyejua, kwa kuwa wapakiaji wanafunga kwa mkono. Walitusitiri bila kujua.

Nikiwa kwenye feri ndipo likanijia. Jumanne ile yote mawili yalikuwa wazi, la sivyo mashine ingefunga. Basi yote mawili yangefurika. La kwanza halikufurika. Maana yake kuna mkono uliolifunga. Mkono wa mdogo wangu.

Nilifurahi, wallahi. Mara ya kwanza wiki nzima. Majukwaa bado yamefungwa yanasafishwa, kwa hiyo Mussab alifuturu nyumbani. Nikamwambia mbele ya mama: mashine haikufunga hata kwako, ni wewe uliyefunga, wewe ndiye uliyeokoa lori lako lisimwagike nalo. Alikuwa ameshika tende. Akairudisha kwenye sahani. Akasema ameshiba, akaenda kulala.

Mama akasema mtoto huyu amechoka. Nikasema sote tumechoka.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwonyesha Mjomba.

Nilichapisha ukurasa wa amri nikamwekea mezani. Akasoma akifuatisha kidole, taratibu, kama asomavyo kila kitu. Kidole kilifika pale. Kikasimama. Kikarudi juu kikashuka tena. Nje lori moja lilikuwa likijaribu kugeuka, dereva na utingo wake wakigombana.

"Kompaila ya zamani ilikuwa na adabu," akasema.

Nikamwambia haikuwa adabu, mjomba, ilikuwa bahati. Sikupaswa kusema vile. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema alipoandika haya mimi nilikuwa nakwenda chuo cha Kurani na buibui linaburuzika chini. Ni kweli.

Nikamwonyesha nilichofanya. Nimegusa. Kutoa na kutazama viko ndani ya kipande kimoja sasa, na nimeiambia kompaila waziwazi kwamba bendera ndiyo jibu la kipande hiki, iichukue mara moja kabla haijafanya lake lolote. Taa zinazimika, zote mbili, toleo la majaribio na la kazi. Akatazama. Akasema vizuri. Tulipeleke toleo jipya leo hii, na kikao kiendelee na mambo yake.

"Na Musyoka, mjomba?"

"Musyoka alikuwa na mkono, Fairuz."

Mashine ilikosea, ndiyo, lakini mpini ulikuwapo na yeye hakuwapo. Mussab alifunga. Kwa nini Musyoka asifunge?

Nimerudi nimechoka vibaya. Sikwenda tarawehe. Mama amenitazama tu.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Majukwaa yamefunguliwa leo. Mussab anaingia zamu ya mchana, kwa hiyo mama alimfungia futari ya kwenda nayo. Mimi nilikuwa nimechelewa kutoka, nipo jikoni natafuta viatu. Mama huwa anatia kwenye makopo mawili. Leo akatia kwenye moja. La pili akalishika mkononi, akalirudisha kabatini.

Nikamuuliza la pili huwa la nani. Miaka yote nilidhani Mussab anakula mengi.

"La Musyoka, mwanangu. Kwani hujui? Yeye ndiye amshikiaye mwenziwe mpini magharibi, Mussab akenda kufuturu na kusali. Siku zote za Ramadhani. Nami humtilia chake, ni haki yake. Leo n'nani atakayemshikia, nawe wajua?"

Akaendelea kuosha sufuria. Mama hana habari ya sheria za bohari. Kwake ni wema wa jirani, ndio mwisho.

Nikakaa kwenye kigoda.

Magharibi. Jumanne magharibi. Mussab hakuwapo jukwaani. Musyoka alikuwa na mipini miwili na mwili mmoja, akaenda kusimama kwenye wa Mussab, akaiachia mashine jukwaa lake mwenyewe. Lori la Mussab akalifunga kwa mkono. Lake likafurika nyuma yake. Ndipo huko mbali kidogo.

Na mimi nikampongeza ndugu yangu mbele ya mama!

Sikwenda kazini asubuhi. Nilimngoja Mussab avae, nikamwita ukumbini, nikafunga mlango. Hakukana. Alisema alisikia adhana, akamwambia Musyoka kama kila siku, akaenda na wenzake nyuma ya ofisi ya mizani ya malori ambako hutandika mkeka. Kabla hajamaliza rakaa ya pili akasikia makelele. Alikimbia. Alimkuta Musyoka amelowa hadi kiunoni anavuta mpini wa pili. Ndiyo maana alirudi ananuka – walivuta pamoja.

Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema Musyoka ndiye aliyewahi kusema. Wakubwa walipofika Musyoka akawaambia Mussab alikuwa kwenye mpini wake, na kwamba yeye Musyoka alikuwa mbali kidogo, na likishasemwa limesemwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Wapakiaji wenzake wa Kiislamu wamemkalisha chini. Sheria ni kwamba hakuna kuacha jukwaa mafuta yakitiririka, na ratiba ya malori haijui adhana. Kwa hiyo miaka yote Wakristo huwashikia wao Ramadhani, na wao huwashikia Wakristo asubuhi ya Krismasi na Pasaka. Kila mtu anajua. Hakuna aliyeandika. Wamemwambia ukifungua mdomo wewe, watatupiga marufuku sote, na sote tutafuturu na mpini mkononi.

"Na Musyoka je?" nikamuuliza.

Akasema hajui. Akasema hajalala toka siku ile. Ana miaka ishirini na minne, na leo nilimwona kama mtu wa makamo.

Nikamwambia sitakusemea. Si langu kulisema. Lakini nikiulizwa sitasema uongo, Mussab, hata kwa ajili yako. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kopo lake moja akaenda zamu. Nina hasira naye na ninamhurumia, na sijui kipi kimezidi.

Mchana nikajikokota karakana. Nikamkuta Mjomba kwenye meza yangu. Ameweka toleo la zamani, lile lililobanwa. Anafungua majukwaa mawili, anangoja, taa hazizimiki. Anaanza tena. Sijui alikuwa amefanya hivyo toka saa ngapi. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kugeuka.

Alhamisi, 20 Machi

Mjomba ameandika. Kwa mkono wake, ukurasa mmoja, ametia sahihi. Mashine ilikosea, kosa ni la sehemu niliyoiandika mimi Jamaludin, limekwisha rekebishwa. Hakujificha nyuma ya kompaila. Akanipa nisome. Nilitaka kumbusu mkono, nikaona haya, nikasema tu ahsante mjomba.

Akasema: "Nimeandika upande wangu. Upande wa mkono siujui, na mtu asinijuze." Basi amebaini. Au mama amesema na mkewe kwenye simu. Mji huu.

Akampigia Nguma hapo hapo ili asimshtukize kesho. Nilimsikia Nguma kwenye spika. Alikuwa na heshima, alimshukuru mzee kwa uungwana wake. Kisha akasema ndivyo hasa alivyohofia kuhusu mashine, na ndiyo maana bohari inalipa mtu asimame pale. Mashine ikikosea, mtu yupo. Yule mtu alikuwa wapi? Kama alilala au alitoroka, anaondoka, hata mashine ingekuwa na makosa kumi. Kama ana sababu, aiseme. Ameulizwa mara tatu na anajibu kitu kimoja.

Mjomba akakata simu. Tukatazamana. Ule ukurasa wake, ambao ulimtoa roho kuuandika, umetosha nusu ya njia.

Baada ya kazi nikapita Bofu. Musyoka alikuwa amekaa nje anarekebisha kiti cha mtoto. Akainuka, akanipa kiti chake, akakaa kwenye tofali. Nikamweleza habari ya mashine. Nilitaka ajue kwamba hakuna aliyelala, kwamba hata angekuwa amekaa kwenye mpini wake bado ingekuwa ni yeye dhidi ya mashine mbovu. Akasikiliza vizuri. Akauliza kama mtu aliyeandika vile ataadhibiwa. Nikasema sijui. Akasema mzee wa watu, asisumbuliwe sana.

Halafu nikamwambia najua alikuwa jukwaa gani.

Akaacha kupiga misumari. Akatazama mlango kama Janice anasikia. "Hiyo ni yetu mimi na Mussab," akasema. "Si ya ofisi. Krismasi iliyopita mtoto wangu alibatizwa, nilikwenda kanisani asubuhi nzima, na nani alisimama na mipini miwili? Ingefurika siku ile, angekaa hapa nilipokaa. Sasa nikimtaja nitakuwa nimelipa nini?"

Nikamwambia lakini mkeo, watoto. Akasema anajua ana mke na watoto, dada, hahitaji kukumbushwa. Alisema bila ukali. Akaniambia nisiseme kitu kesho. Nikamwambia sijui kama naweza kuahidi. Akasema basi usiahidi, ila usiseme.

Wanaume hawa wawili kila mmoja anamlinda mwenziwe na wote wawili wanazama. Nimechoka na uungwana wao. Na siwezi kusema nauona vibaya.

Nyumbani sikumwambia Mussab kuhusu Krismasi. Anajua mwenyewe. Nilimpitia chumbani, mlango wazi, amekaa kitandani na viatu mguuni.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Nguma. Ni asubuhi bado na jua limeshaanza ukali. Kikao kimeanza. Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Mjomba yuko ndani na bodi ya mashine na zile taa mbili. Mlango ni wa mbao nyembamba. Namsikia akieleza bendera, pole pole, kwa maneno yale yale aliyonifundishia mimi – kwamba ni alama, kwamba haikai, kwamba ukitaka kuitazama itazame hapo hapo. Nguma anauliza maswali mazuri. Mara moja amesema kwa hiyo mashine ilikuwa inatazama jibu la swali jingine. Mjomba akasema ndiyo, bwana, hivyo hivyo. Sauti ya Mjomba imekwaruza. Hajawahi kukosea mbele ya watu wa nje, najua.

Musyoka amekaa mwanzo wa benchi, karibu na mlango. Amevaa suti ya kanisani, na inambana mabegani. Amenisalimu. Katikati niko mimi.

Mussab ameingia sasa hivi. Zamu yake ni ya mchana, hakuna aliyemwita. Hakuniambia kama anakuja. Amekaa mwisho wa benchi, mbali nasi, amevaa sare ya kazi. Wapakiaji watatu wamesimama pale kwenye kivuli cha mizani. Hawaji huku, hawaondoki. Wanamtazama yeye. Mmoja wao ndiye imamu wao wa mkekani.

Nimemwuliza kwa sauti ya chini umekuja kufanya nini. Anasugua kiganja kwenye goti.

Ndani Nguma amesema ahsante, mzee, la mashine tumelielewa. Sasa mkono. Nimesikia kiti kikisogezwa.

Cheryl amefungua mlango, karani wa Nguma, binti mpole, ana kalamu sikioni. Amesema, "Musyoka, karibu ndani."

Mussab amesimama.

Amesimama tu, wima, mikono ubavuni. Musyoka naye ameinuka, amemgeukia, amemwambia kwa upole kaa chini, ndugu yangu. Mussab hakukaa. Amemwambia tena, safari hii si kwa upole. Hakukaa. Pale mizani mmoja wa wale watatu ameanza kuja huku, halafu amesita.

Cheryl amemtazama Mussab akasema wewe si Musyoka. Mussab akasema, "Najua."

Mlango bado uko wazi. Wote wawili wamesimama mbele yake na hakuna anayempisha mwenziwe. Naandika haraka, herufi zinapishana. Nguma anaita kutoka ndani, anamuuliza Cheryl ni nani anayeingia.